Plagi ya Nyuma

Injini ya gari letu iko chini ya kiti cha dereva. Ukitaka kubadilisha plagi unainua kiti, unapiga magoti mlangoni, kisha unaingiza mkono mahali ambapo aliyeliunda gari hilo, naamini, hakuwahi kuingiza wake. Plagi tatu za mbele zinafikika ukivumilia kuchubuka. Ya nne imejificha nyuma kabisa, na kwa miaka yote tuliyoishi hapa Kitale hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu. Mkono wake ni mwembamba. Wangu umelelewa na jembe.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu aende Kanduyi kumuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Hana wa kumpokea zamu, ndugu zake wote wako mbali. Mimi nami siwezi kuhamia huko, maana kwetu mkwe halali bomani kwa mama mkwe, wala haingii alimolala. Hata kumpa mkono ni aibu. Kwa hiyo Jumapili moja ndiyo, moja hapana, nakamua ng'ombe alfajiri, naendesha hadi huko Kanduyi, Bungoma, naegesha nje ya ua, naye anatoka. Tunakaa ndani ya gari. Tunakula humo, tunazungumza humo, tukiishiwa na maneno tunanyamaza humo. Alasiri narudi kukamua. Hilo gari ndilo chumba pekee tulichobaki nacho.

Kwa hiyo lilipoanza kukohoa kwenye kila mlima, siku chache kabla ya Jumapili yangu, niliingiwa na hofu kama mtu anayeona paa la nyumba yake likivuja. Fundi alisikiliza, akasema plagi zimeisha na nyaya zake zimepasuka, nimletee Jumatatu. Jumatatu ingenifaa nini? Nilinunua plagi nne na nyaya nne, nikaanza kazi mwenyewe uani, Jumamosi mchana.

Mke wangu alikuwa na sheria moja katika kazi hiyo: toa waya moja, rudisha moja, ndipo ushike nyingine. Nilizoea kumtania kwamba anafanya kama anayepanga vikombe vya wageni. Jumamosi hiyo, kwa kuwa hakuwepo wa kunikataza, nilizing'oa zote nne kwa mkupuo. Nilipomaliza plagi za mbele nikageuka, na zile nyaya mpya zimelala pale, sijui ipi inakwenda wapi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nikampigia simu. Nilijua atanicheka, naye akacheka kweli, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yake augue. Karibu niushukuru ujinga wangu. Alinitajia mpangilio kwenye kile kifuniko kinachozigawia plagi moto wa umeme, kwa kufuata mzunguko wake: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kuhusu plagi ya nyuma, akaniambia nikate kipande cha mpira wa pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa, nikivalishe kichwani mwa plagi, niizungushe kwa huo mpira mpaka ishike, ndipo nitie spana. Nikajaribu, nikakosa, nikajaribu tena huku nimepinda shingo nikitafuta kitundu inamoingia. Nikamwambia siwezi kukiona.

"Wachana na macho, baba watoto," akasema. "Hata mimi sijawahi kukiona."

Miaka yote hiyo nilidhani anakiona. Nikafumba macho. Simu ilikuwa sakafuni mwa gari, nikimsikia anavyopumua, na mbali kidogo mama yake akiomba maji. Hakukata simu. Plagi ilipouma nilimwambia imeshika, akasema sawa, akaenda kumpa mama maji.

Jumapili gari lilipanda milima bila kulalamika. Nilifika saa nne. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akanikataza nisizime injini, akainamisha kichwa akiisikiliza. Kisha akazunguka, akaketi kando yangu, akauchukua mkono wangu uliochubuka, akaugeuza huku na huku. Nilingoja anitanie.

"Sasa umejua kuifanya peke yako," akasema.

Alikuwa akitabasamu, lakini sauti yake haikuwa ya kutabasamu. Nilimwambia heri nisingejua. Akauweka mkono wangu mapajani mwake. Mama yake alimwita mara mbili, mara mbili akaenda na kurudi. Saa tisa nikaaga, kwa sababu ng'ombe hawajui Jumapili. Gari lilivuta vizuri mpaka Kitale, na njia nzima nilikuwa nikiliomba likohoe, japo mara moja, nipate sababu ya kugeuza.