Aliyekuwa Akisoma Kazi Yangu

Chumba chetu cha kazi kiko Migori mjini, juu ya duka la mabati, na mtu akikata mabati huko chini sisi wa juu tunanyamaza mpaka amalize. Tulikuwa wanne, tukitengeneza programu ya kuwatumia akina mama ujumbe wa simu wa kuwakumbusha siku ya kliniki ya watoto, kwa Kidholuo, Kikuria na Kiswahili. Hatukuiuza. Yeyote angeweza kuichukua, na yeyote angeweza kuirekebisha, ila kwa sharti moja: hakuna mstari wa programu unaoingia kabla mtu mwingine hajausoma.

Msomaji wangu alikuwa mwenzetu mmoja Msabato, mpole kwa kila jambo isipokuwa kazi. Alinirudishia kazi mpaka nikamchukia. Mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa namwambia mbele ya wote kwamba ana roho mbaya. Alikuwa akicheka, kisha ananionyesha kosa, na kosa lilikuwepo. Ninachokijua vizuri katika kazi hii nimekijua kwa kurudishiwa na yeye.

Kisha mama akafariki, nikaenda nyumbani Mbita. Boma lilijaa watu. Kila aliyeingia alinishika mkono, akanikalisha, akaniambia nisifanye kitu. Hata vikombe vya chai nilinyang'anywa nikitaka kuviosha. Huzuni ilikuwa nzito, na kukaa bure kuliiongeza. Muuguzi wa zahanati moja upande wa Uriri alikuwa ameomba ujumbe uwe unatumwa siku moja kabla ya kliniki badala ya asubuhi ileile, basi nikajifungia chumbani kwa mama na kompyuta, nikaandika mabadiliko hayo. Kwa muda nilikuwa mtu mwenye kazi, si mfiwa. Nikamtumia msomaji wangu kazi hiyo.

Aliipitisha papo hapo. "Pole sana, nyaminwa," aliandika, yaani dada yetu. "Iko sawa." Hadi siku hiyo hakuwahi kunipitisha mara ya kwanza. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi mama akiwa mochari.

Nilikuwa nimejumlisha siku mahali pa kutoa. Ujumbe wa "kesho ni kliniki" ukawa unaenda siku moja baada ya kliniki. Tuligundua nikiwa nimerudi Migori, muuguzi alipopiga simu: wanawake walikuwa wametembea na watoto mgongoni wakakuta mlango umefungwa, na mmoja alikataa kuondoka mpaka jioni kwa sababu jana yake simu ilimwambia kesho ndiyo siku. Nilirekebisha siku hiyohiyo. Kosa la namna hiyo mwenzangu angeliona huku anatafuna chapati.

Nikamwuliza kama aliisoma. Akasema hapana, wala hakuona haya.

"Sasa ningeanzaje kukukosoa na mama bado hajazikwa?" alisema. "Watu wangeniona mimi ni mtu wa aina gani?"

Wale wenzetu wawili wakaitikia kwa kichwa. Nami nazijua desturi zetu, mfiwa hakaripiwi. Angenirudishia kazi siku ile, angesemwa na ukoo mzima, na pengine mimi ningekuwa wa kwanza.

"Huko nyumbani nilikuwa mfiwa kwa kila mtu," nikamwambia. "Kwako tu nilitaka kubaki fundi."

Akainamisha kichwa, akasema pole tena. Hapo nikajua nimempoteza. Tangu siku ile ananipitishia kila kitu. Mwezi uliopita nilimtumia kazi yenye kosa ambalo hata mwanafunzi angeliona, nikakaa nikimtazama upande wa pili wa meza. Aliisoma. Nafikiri aliliona, maana alisita kidogo, kisha akaipitisha. Nililiondoa mwenyewe kabla halijamfikia mtu, nikaenda chooni nikalia.

Siku hizi kazi yangu naituma kwa mtu wa nchi nyingine anayetumia programu yetu, ambaye sijawahi kumwona. Wiki iliyopita aliirudisha bila salamu, kwa maneno makali, na makosa yote aliyoyataja niliyafanya kweli. Niliyasoma maneno yale tena na tena mpaka wenzangu wakafunga madirisha wakaenda nyumbani. Mtu huyo hajui kama nina mama au sina.