Unga Mbichi wa Dani

Nakumbuka siku ile Dani aliponikaribisha chakula kisicholika. Dani ni bibi, mama yake baba yangu, na ndiye aliyenilea. Shule niliiacha mapema, mwanangu, lakini ng'ombe nilijinunulia mwenyewe, na shamba hili la mlimani karibu na Ndhiwa nililipata kwa jasho langu. Sikuwa mtu wa kuambiwa.

Miaka hiyo ya tisini wakulima wa tumbaku walisaka kuni za kukaushia majani, na milima ikawa inabaki uchi. Ndipo watu wa mradi wa kuhifadhi misitu wakaja na mkataba: nisikate miti ya kiasili mlimani kwangu, nao wanilipe kila mwaka, miaka mingi mbele. Msitu ukikatwa, malipo yanakoma. Nilikubali palepale. Malipo ya kwanza nikanunua seng'enge, nikauzungushia mlima wote. Akina mama waliozoea kuokota matawi makavu nikawafukuza kama nyani. Hata Dani.

Basi seng'enge ikaanza kukatwa. Leo kisiki huku, kesho kule. Nikiuliza majirani, hakuna aliyeona kitu. Mkono mtupu haulambwi, nao wangu walishauonja, wakaukuta mtupu.

Ndipo Dani akaniita nikale kwake. Nikanawa, nikakaa. Akaniwekea unga mbichi, omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, na maji baridi.

"Kula, nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu.

"Dani, huu si ugali."

"Ni ugali. Umekosa moto tu. Moto umeufungia kwa seng'enge yako."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanipangusa unga vidoleni, polepole, kama nilipokuwa mtoto.

"Wewe unalipwa, sisi tunalala njaa. Nani atakulindia huo msitu?"

Kesho yake nikawauliza watu wa mradi. Kumbe kuni zilizoanguka zenyewe hawakuzikataza. Mimi ndiye niliyekataza. Nikafungua njia upande wa kisima, akina mama waokote makavu, na malipo yalipokuja, kila boma linalopakana na mlima likapata fungu lake.

Msimu uliofuata, nikiwa sokoni, nikasikia lori limepanda kwangu na watu wenye misumeno. Nilirudi mbio, nikijua msitu umekwisha na mkataba nao. Nikamkuta Dani amekaa katikati ya barabara, akina mama wamemzunguka, anakunywa uji. Lori lilishageuza.

"Dereva aliuliza mwenye msitu ni nani," akaniambia. "Tukamwambia ni sisi, wapishi."

Mwanangu, siku hizi nawe unataka kutia sahihi mkataba kama ule. Tia, ni jambo jema. Lakini mkataba ulifunga mikono yangu tu. Ya jirani haikufungwa na karatasi wala waya. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kulinda mlima. Kabla hujapokea malipo, tazama moshi unapofuka kandokando ya msitu wako, uende jiko kwa jiko uwaulize wanaishije. Wakila nawe, watalinda nawe, hata siku usipokuwepo.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe kivuli usichokiuza na moto usiozimika nyumbani kwako. Na siku utakayokosea, akupe mtu anayekupenda kiasi cha kukuandalia unga mbichi.