Mama na Betri ya Fundi Bawaba

Baba yangu ni fundi wa milango, na watu wamemwita Fundi Bawaba kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine wanadhani ndilo jina alilopewa na bibi yangu. Mlango aliofunga yeye haulii wala haukwami. Inayolia ni milango ya nyumbani kwetu, maana kwetu kila kitu ni "kesho, mama watoto, leo nimechoka."

Miaka saba iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini kifundo kikagoma kuzunguka. Kushika anashika, kuinua anainua. Kuzungusha bisibisi ndiko asikoweza. Na fundi wa milango asiyeweza kukaza skrubu ana kazi gani? Sisi watoto wake tukachangishana, tukamnunulia drili ya betri. Siku ya kwanza alikaza skrubu ishirini kwenye kipande cha ubao kisicho na kazi yoyote, akazifungua zote, akazikaza tena, huku machozi yanamtoka. Nilijifanya sikuyaona.

Betri zake mbili zilimtumikia miaka mitano, kisha zikaanza kukata pumzi. Mlango mmoja tu, betri chali. Dukani, betri moja ya kampuni ileile ilikaribia bei ya drili nzima mpya, jambo ambalo mpaka leo linanipandisha hasira. Baba akaanza kukataa kazi. Asubuhi akawa anakaa uani amevaa ovaroli, na ovaroli yenyewe safi, haina hata chembe ya vumbi. Kumwona hivyo kulituuma kuliko siku ile alipoanguka.

Mimi ndiye niliyenunua zile za bei rahisi. Nilichukua mbili, rangi ileile, umbo lilelile, zimeandikwa jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Muuzaji aliniapia, "Dada, tofauti ni jina tu." Baba alizipima mkononi, moja moja.

"Mwanangu, mbona hizi nyepesi?"

"Siku hizi mambo yameendelea, Baba," nikamjibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu.

Zilifanya kazi, siwezi kuzisingizia. Zile za kampuni, enzi zake, zilikuwa zinafunga milango sita kwa chaji moja. Hizi zilifika minne, na mbao zikiwa ngumu, mitatu. Lakini Baba alirudi kazini. Ovaroli ikachafuka, na jioni akawa anatusimulia habari za vitasa mpaka tunamwomba apumzike.

Sasa, Baba alikuwa na mazoea yake. Akirudi kazini anachomeka betri palepale juu ya meza yake ya ufundi, katikati ya maranda ya mbao, kisha anakwenda kuoga, kula na kusinzia. Kwa miaka mitano zile za kampuni zilijaa na kujizima zenyewe, kwa hiyo hakuna aliyemkemea. Wiki ya tatu, alasiri, Mama akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alikuta betri moja imevimba, inafuka moshi, na maranda ya pembeni yameanza kuwa meusi. Akachomoa waya ukutani, akaikamata betri kwa koleo la mkaa, akakimbia nayo hadi uani na kuitupa kwenye rundo la mchanga. Ndipo akapiga kelele, kazi yenyewe imeshakwisha.

Nilipofika nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alikuwa amekaa anaitazama meza yake yenye kovu jeusi.

"Basi," alisema. "Na hiyo nyingine itupeni. Siwezi kuchoma nyumba yangu kwa ajili ya milango ya watu."

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Ukiitupa, utashinda hapa uani na nani? Mimi sikutaki mchana."

Kesho yake akaibeba ile iliyobaki hadi kwa fundi redio wa mtaani. Fundi aliifungua, akachungulia ndani, kisha akaomba aletewe na maiti ya mwenzake.

"Mama, hii yako ina kidude cha kuhisi joto, likizidi inajikata. Ile iliyoungua haikuwa nacho, japo zina vibandiko vilevile. Ni bahati nasibu tu. Kwa skrubu itafaa. Msiiweke kwenye msumeno wa betri, na ikiwa kwenye chaja msiiache peke yake."

Tangu siku hiyo Mama akatunga sheria. Betri inachajiwa kibarazani, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na mbao, na yeye anakaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mchele au anashona vifungo. Kila baada ya muda anaigusa kwa nyuma ya kiganja, kama mtoto mwenye homa. Saa nzima, kila siku, mwaka wa pili huu. Watu wakiniuliza kama betri hizi za bei rahisi zinafaa, nawajibu kwamba zinafaa, ilimradi uwe na mama yangu.

Jumapili iliyopita nilikuta drili inanguruma uani. Baba alikuwa anakaza skrubu za mwisho kwenye kiti kipana, chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa yao, hicho ndicho kitu cha kwanza alichoitengenezea nyumba yake mwenyewe. Akakibeba hadi kibarazani.

"Mama watoto, ndoo nayo ipumzike."

Mama akakizunguka, akakitikisa, akatafuta kasoro. "Hakilii?"

"Hakilii."

Akakaa, polepole, kana kwamba ni cha mgeni.

"Nashukuru," Baba alisema. Akaitoa betri mfukoni, akamwonyesha. "Mkono wangu huu, wewe ndiye unayeulinda."

Mama alijibu kwamba mchele una mawe mengi leo, na akainamia ungo wake asionekane uso. Baba akaweka betri kwenye sufuria, akawasha chaja. Nikasubiri aende kuoga, kama kawaida yake. Akavuta ile ndoo, akakaa pembeni ya Mama.