Jezi za Timu ya Kaka

Juzi, kwenye simu ya jirani, niliona vijana wa chuo kimoja cha Amerika wakicheza mpira wao wa kugongana. Jezi zao za zambarau nilizitambua mara moja. Zilitufikia Kalundu ndani ya balo la mitumba, na timu ya shule ya kaka yangu Bahati ikazivaa msimu mzima, mabega yakiwaning'inia. Sikujua kwamba wenyewe huvaa mito ndani yake. Nilidhani kule watu ni wapana hivyo.

Mama ndiye aliyekuwa akizifua. Mchana mmoja samaki wadogo wa ndagala walianikwa kando yetu, beseni likinuka sabuni ya mawese, lakini yeye alikaa tu. Asubuhi watu wenye bunduki walikuwa wamewapakia wachezaji wote kwenye lori, wakashika barabara ya Luvungi. Fainali ilikuwa ichezwe Luvungi, basi nikaona wametangulia.

"Mama, wamesahau jezi! Watavaa nini?"

Nikaanza kuzifua mwenyewe. Nilipofikia ya Bahati, Mama akaninyang'anya.

"Hiyo usiitie mu maji. Iache vile iko."

Nikadhani kaka amewekwa benchi, nikaona aibu kwa ajili yake.

Hakuna aliyerudi. Ya Bahati iko mpaka leo kwenye sanduku la Mama, na jasho lake. Zile nyingine tuliwapelekea mama za wenzake. Kila mmoja aliinua jezi ya mwanawe, akazika uso ndani yake, akanusa, kisha akanusa tena.

Nilikuwa nimezisugua vizuri sana.