Fyuzi Tatu na Mkono wa Fundi

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa umeme Ntalikwa, kijijini kwetu, kwa mafunzo ya vitendo. Tulipofika palipokuwa na mashine ya kusaga, nikaketi chini pale pale. Sasa pana kibanda cha kuchaji simu. Wanafunzi wakacheka, "Mwalimu, umechoka tayari?" Nikasingizia jua. Uongo mtupu, rafiki yangu. Ilikuwa hofu, ile ile ya nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Chuo kilinipeleka kwa fundi mmoja mzee wa hapo, nijifunze kazi kwake miezi mitatu. Nilimwogopa kuliko mtihani. Hakufoka wala hakupiga. Alinitazama tu mikono, na mimi jasho likanitoka. Nilifagia unga, nikapanga spana, nikala ugali na mlenda uliokuwa ukinuka grisi kwa sababu mikono yangu ndiyo ilinuka. Sheria yake ilikuwa moja. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya mashine alizima umeme, akang'oa fyuzi zote tatu, akanipa. "Shika mkononi. Ukitia mfukoni utasahau."

Siku moja chuma kimoja cha kupondea mahindi kililegea. Kina mama walikuwa wamepanga madebe yao mpaka nje, mwenye mashine anahangaika huku na huku. Fundi akalala chini, mkono wake wa kulia ukazama mpaka kwenye kiwiko. Mara bibi jirani yetu akaingia. Binti wa kwetu hamsalimii mkubwa akiwa amesimama na mikono imejaa vitu, hata iweje. Nikaziweka fyuzi juu ya gunia, nikapiga magoti. Shikamoo. Marahaba. Bibi hakuridhika, akaanza upya kwa Kinyamwezi: mwangaluka, baba je, mama je, ng'ombe je? Nami naitikia, macho chini.

Nilipoyainua, juu ya gunia hapakuwa na kitu. Mwenye mashine aliona fyuzi zimeachwa, fundi hamwoni kule chini, akadhani kazi imekwisha. Ameshazirudisha fyuzi na kidole kiko kwenye swichi.

Nakwambia, hapakuwa na wakati wa kupiga kelele! Nikamrukia fundi, nikamkamata miguu, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Mkono ulikuwa ndiyo kwanza umetoka, mashine ikanguruma. Kina mama wakapiga yowe. Mimi nikalia mpaka kamasi, nikijua nimefukuzwa.

Fundi aliketi sakafuni, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akainuka, akazima, akang'oa fyuzi na kuzifumbata yeye mwenyewe.

"Ingia wewe."

Jamani! Nikalala chini, nikaingiza mkono. Chuma kilikuwa bado cha moto. Bibi, naye kwa hofu yake, akamsalimia fundi, akamsalimia tena. Mzee yule mwenye adabu zake hakumwitikia. Macho yake hayakutoka kwenye mkono wangu mpaka nilipokaza bolti ya mwisho.

Fundi tulimzika mwaka juzi. Siku hizi swichi zina kufuli, na ufunguo anakaa nao anayefanya kazi. Ni salama zaidi, sibishi. Hata hivyo, mwanafunzi wangu akiingiza mkono, mimi nasimama pale naogopa, na anayenisalimia simwitikii. Wanasema mwalimu ana maringo. Aliyejua si maringo hayupo tena.