Mkaguzi wa gesi aliyeomba jina lake lifutwe

Saa saba na dakika kumi mchana. Ewald Thelen amezima injini mbele ya geti lililofungwa na sasa anatafuna mkate wenye soseji ya ini, taratibu, maana ana karibu saa mbili za kuumaliza. Amechelewa dakika kumi tu. Lakini kuanzia saa saba hadi saa tisa kwenye kambi hii ya karavani ni mapumziko: gari haliingii, nyundo hailii, na Marlies Kreutz, mwenye kambi, hamfungulii mtu, hata huyu anayekuja kumfanyia kazi.

"Miaka kumi na tisa nakaa nje ya mageti," anasema. "Mgongo nao umeshachoka kukaa."

Ewald, mwenye miaka sitini na tatu, ni mkaguzi wa gesi. Huzunguka na gari lake lenye kitanda, jiko na choo ndani, akifuata vibarabara vya milima ya Eifel, Ujerumani, kambi hadi kambi. Hupima mabomba ya gesi ya karavani, vile vijumba vya magurudumu, ambazo wenyewe wamezipaki moja kwa moja, wakazizungushia miti na kuzipandia maua. Hupuliza hewa ndani ya bomba, husubiri dakika tano, kisha huikazia macho geji dakika tano nyingine. Mshale ukitulia, hubandika stika ya miaka miwili. Ukishuka, hakuna stika, na karavani isiyo na stika haikai kambini.

Hulipwa yuro sitini kwa karavani moja. Mwezi mzuri wa kiangazi, akishatoa mafuta na bima, hubakiwa na elfu moja na mia nane. Januari hubakiwa na kikohozi.

Kiu yake ni kiwanja kambini, mahali pa kuegesha moja kwa moja. Alipoachana na mkewe alimwachia nyumba, yeye akachukua gari na uhuru, na mwanzoni uhuru ule ulimfurahisha kweli. Sasa umemchosha. Anataka kuamka akute dirishani kile kile alichokiacha jana. Ila viwanja vya kudumu ni vichache na watu hurithishana, na kwa miaka sita jina lake lilikuwa likipanda kwenye daftari la Marlies la wanaosubiri, hadi likafika la kwanza.

Ndiyo maana yaliyotokea hapa mwezi Mei bado yamemkaa kooni.

Alikuwa anapima karavani ya Hiltrud Pesch, bibi wa miaka sabini na tisa, kwenye kiwanja namba kumi na nne kando ya mto. Hiltrud na marehemu mumewe walikipata mwaka 1983, na kila mwaka huishi hapo Aprili hadi Oktoba. Mshale ulishuka. Ewald akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, akapima tena. Ukashuka tena. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu chini ya sakafu.

Kabla hajainuka, jirani wa kiwanja namba kumi na tano, Günter Lenz, alishaegemea uzio wake, bia mkononi.

"Hongera, fundi," akamwambia. "Umejipimia na kiwanja kabisa?"

 Hiltrud aliingia ndani kuchemsha kahawa, akatoka mikono mitupu. Gesi ilikuwa imefungwa.

"Günter nimemzoea," anasema Ewald. "Lakini yule mama aliniangalia tu, nikajua naye anawaza hivyo hivyo. Bora angenitukana."

Hakuwa amedanganya. Ila anakiri kwamba mshale ulipoanza kushuka, kwa sekunde moja moyo wake ulifurahi. Hilo linamtia aibu mpaka leo.

Fundi wa mjini alitaja bei iliyozidi thamani ya karavani yenyewe. Watoto wa Hiltrud wakamshauri mama yao apumzike na mambo ya kambi. Marlies, ambaye si mtu mbaya, akampa bibi hadi Jumapili ahame, kisha akamnong'oneza Ewald ajiandae.

Ewald akaahirisha kambi mbili za wiki ile, akalala chali chini ya karavani siku mbili kubadilisha bomba. Ikifika saa saba alilazimika kuacha kugonga, basi alibaki huko huko chini, mikono kifuani, hadi saa tisa. Hiltrud alilipia bomba, akamletea saladi ya viazi. Siku ya pili aliinama kwa shida, akachungulia.

"Ungeandika tu kwamba limeshindwa, Ewald. Ungekuwa umeshahamia."

"Nipe hiyo spana, mama. Hiyo ndogo."

Walipopima, Ewald alimwita Günter aje aangalie geji mwenyewe. Mshale haukutikisika.

Jioni ile alikwenda ofisini kwa Marlies akamwomba afute jina lake. Marlies alidhani anatania.

"Nikiwa kwenye daftari lako siwezi kupima hapa," Ewald akamwambia. "Kila mshale ukishuka nitajiuliza, ni bomba au ni mimi?"

Alijaribu kutafuta kambi ambayo hajawahi kuikagua. Eifel nzima haipo. Kwa hiyo mpango wake ni huu: akistaafu na miaka sitini na saba atauza geji, kisha ataandika jina upya kwa Marlies, chini kabisa. Sasa hivi wanaosubiri ni kumi na mmoja. Amepiga hesabu, akaona atapata kiwanja akiwa na miaka sabini na tatu, mambo yakienda vizuri.

Hiltrud, ambaye sasa humpikia kahawa kila apitapo, amemwonya kwamba yeye hana haraka ya kufa.

"Nami nimemwambia asiwe nayo," anasema Ewald.