Vifungo vya Pembe Vyaokoa Kiwanda Kariobangi

Saa mbili kasorobo asubuhi. Ndindi Mulwa amesimama mbele ya dirisha katika chumba cha mwisho cha kiwanda, ameshika kifungo kimoja cha koti. Anakiinua kwenye mwanga. Ndani yake mna michirizi ya rangi ya asali na mingine ya kahawia iliyokoza. Anapitisha ukucha kwenye matundu yake manne, kisha anakitupa kwenye bakuli la kushoto.

Je, hakifai? namuuliza.

"Kinafaa," anajibu bila kugeuka. "Lakini hakina ndugu. Koti moja linataka vifungo sita vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja."

Nyuma yake wanawake kumi na wanne wameinamia meza zao. Chumba kinanuka nywele zilizoungua, kwa maana pembe ya ng'ombe ikitobolewa na mashine hutoa harufu hiyo. Mgeni huziba pua. Wenyeji wa hapa walishaizoea.

Kila mtu kiwandani, kuanzia mlinzi wa lango hadi Bwana Magan mwenye kampuni, humwita Ndindi Mama Syombua, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ana umri wa miaka arobaini na saba. Anaishi mtaa wa Umoja, na kila asubuhi huvuka Barabara ya Outer Ring kwa miguu kuja hapa Kariobangi. Yeye ndiye msimamizi wa idara ya pembe, idara ambayo miaka mitatu iliyopita haikuwepo. Bila idara hiyo, leo hii jengo hili lingekuwa ghala la mahindi la mtu mwingine.

Ndindi alikuja Nairobi kutoka Machakos kumfuata mumewe, Mulwa, mchonga vinyago wa Pumwani. Mwaka 1971 akapata kazi hapa ya kuchambua vifungo vya plastiki na kuvishona kwenye kadi za kuuzia madukani.

"Vifungo kumi na viwili kwa kila kadi, miaka kumi na miwili," anasema. "Hakuna aliyeniuliza neno. Na mimi nilikuwa najua kazi yangu ni mikono tu."

Plastiki hiyo ilitoka ng'ambo. Mwaka 1983 fedha za kigeni zilikuwa adimu na leseni za kuagiza bidhaa zilitolewa kwa shida. Kampuni iliomba leseni mara mbili, ikanyimwa mara mbili. Kufikia Agosti mapipa yalikuwa matupu. Wafanyakazi thelathini na wanane walikuwa wakija asubuhi, wanafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, kisha wanarudi nyumbani.

Ijumaa moja Bwana Magan aliwakusanya uani.

"Nilikuwa nimeshapata mpangaji," anasema leo bila kuficha. "Nilitaka kuwalipa haki zao, nifunge, nipumzike. Tangu siku za baba yangu sera yetu ilikuwa moja tu: tengeneza kifungo cha bei rahisi, uza vingi. Bila plastiki, sera hiyo ilikuwa imekufa."

Akamaliza kusema. Ndipo Ndindi, aliyekuwa amesimama karibu na bomba la maji, akanyoosha mkono.

"Bwana Magan, kwani kifungo lazima kiwe cha plastiki?"

"Mama, unataka cha dhahabu?"

Watu wakacheka, wengine huku wakifuta machozi. Ndindi hakucheka.

"Nataka cha pembe. Mume wangu hutengeneza vitana vya pembe. Pembe ziko hapa hapa mjini, zinatupwa. Haziji kwa meli, na hazitaki leseni."

Mtu wa kwanza kumpinga alikuwa Gordon, fundi mkuu wa mashine. "Nilimpinga mbele ya watu wote," anakiri. "Plastiki ni laini na unene wake ni mmoja. Pembe hii ni nene, ile nyembamba, nyingine imepinda. Nilisema itavunja mashine zangu, na tutafukuzwa kazi tukiwa na hasara juu."

Lakini mpangaji hangeingia kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Magan akampa Ndindi wiki tatu.

Jumatatu yake alikwenda Majengo kwa Jimale, mfanyabiashara wa ngozi. Jimale anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Nikaona mama mfupi, anataka pembe, hataki ngozi. Nikamuuliza za nini. Akasema za vifungo. Nikampa magunia mawili bure ili aniondokee, nina wateja!"

Mulwa alimfundisha mkewe kuloweka pembe hadi mfupa wa ndani uachane na ganda, na namna ya kuzipasua kwa urefu. Zilipofika kiwandani, mashine ya kukandamiza ilizipasua vipande. "Zilikuwa zinalia pa! pa! kama bisi kwenye sufuria," anasema Ndindi. Wiki ya pili hazikupasuka, lakini kila kipande kilichonyooshwa kilijikunja tena kilipopoa. Wenzake wakaanza kutafuta kazi kwingine. Mmoja alimwambia usoni kwamba amewapa watu matumaini ya bure.

Jioni hiyo alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, hataki chakula.

"Mama Syombua," Mulwa akamwambia, "mna haraka. Ziacheni kwenye maji ya moto mpaka zilegee kama ngozi ya kiatu. Kisha mzibane polepole, na msiziachilie mpaka zipoe kabisa."

Kesho yake Ndindi aliyapeleka maneno hayo kwa Gordon. Fundi huyo aliyempinga akasikiliza, akakuna kichwa, kisha akaifungua mashine yake. Alibadilisha mtambo ili ushuke taratibu na kukaa chini muda mrefu. Siku ya kumi na tisa, vifungo arobaini vilitoka vizima, vinang'aa. Gordon alikiweka kimoja sakafuni na kukikanyaga kwa kisigino cha buti. Akakiokota. Hakikuwa na hata ufa.

"Nilimwambia, mama, nisamehe," anasema Gordon. "Tukacheka kama watoto."

Furaha haikudumu. Bwana Magan alipiga hesabu, akaona kifungo cha pembe kinamgharimu mara tatu ya kile cha plastiki. Nani angekinunua?

"Basi tusiwauzie wanaotaka rahisi," Ndindi akamjibu.

Alishona vifungo kwenye kadi kama alivyozoea, akaenda nazo mwenyewe kwa mafundi wa cherehani wa River Road wanaoshona Kaunda suti. Alipita maduka kumi na moja. Tisa walimfukuza, wa kumi akataka sampuli ya bure. Wa kumi na moja alikishikilia kifungo kwenye suti ya kijivu iliyokuwa ikingoja mwenyewe, akairudisha nyuma kidogo kuitazama. Mwenye suti alipokuja kuichukua, alitaka na koti lake la zamani libadilishwe vifungo. Kabla ya wiki kwisha fundi huyo alikuwa ameagiza kadi hamsini.

Kufikia Krismasi hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekuwa ameachishwa kazi. Bwana Magan aliandika sera mpya kwa mkono wake na kuibandika ukutani, ambapo ingalipo mpaka leo: mali ghafi itoke nchini, ubora uje kabla ya wingi, na kampuni isishindane na mtu kwa bei rahisi.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka jana. Leseni ya plastiki ilitoka ghafla. Bwana Magan alifurahi kupita kiasi, akaamuru meza za pembe zitolewe chumbani siku hiyo hiyo. Ndindi na Gordon wakapanda ngazi hadi ofisini kwake.

"Nilijua anaweza kunifukuza," anasema Ndindi. "Lakini nikamwambia, mzee, leseni uliyopewa mwaka huu unaweza kunyimwa mwaka ujao. Ukishawatawanya hawa wanawake, utawapata wapi tena? Hii kazi iko kwenye vidole vyao, haiko kwenye mashine."

Bwana Magan alikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu akatoa uamuzi: plastiki ingepewa mashine moja, kwa vifungo vya mashati ya shule. Mashine nyingine zote zingekuwa za pembe, na msimamizi wa idara hiyo angekuwa Mama Syombua, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha msimamizi kiwandani. Gordon alizima mashine zote ili tangazo lisikike. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wafanyakazi wa viwanda jirani wakatoka kuona kuna nini.

Leo kampuni ina wafanyakazi sabini na mmoja, na vifungo vyake vinauzwa katika nchi tatu za nje. Mshahara wa Ndindi, uliokuwa shilingi mia sita na arobaini kwa mwezi, sasa ni elfu moja na mia tisa. Nyumba ya Umoja imeongezwa vyumba viwili, na Syombua anasomea ualimu.

"Nilidhani sera ya kampuni ni kitu cha watu wa juu," anasema. "Kumbe ni uamuzi tu: tutatengeneza nini, kwa nini, tumuuzie nani. Hata mimi naweza kuamua."

Sasa ana mpango mwingine. Pembe nyingi za Nairobi hufika zimevunjwa kwa shoka. Pembe iliyokatwa kwa msumeno hutoa vifungo kumi na viwili. Iliyovunjwa hutoa saba. Jimale, ambaye siku hizi huuza pembe nyingi kuliko ngozi, amemweleza kuhusu ng'ombe wa Garissa wenye pembe ndefu. Ndindi amemwomba Bwana Magan ampe misumeno ishirini na nauli, aende akawafundishe wachinjaji wa huko na kufanya nao mkataba wa moja kwa moja. Bwana Magan amekubali.

Hajawahi kufika Garissa. Hajawahi kusafiri popote kwa ajili ya kazi.

"Naondoka Jumatatu," anasema, akiinua kifungo kingine kwenye mwanga. "Nimeshamwambia Mulwa, wiki hiyo nzima atajipikia."